Kuhama Komyuniti Koleji Kwenda Chuo Kikuu Ukiwa na GPA ya Chini: Mwongozo Kamili kwa Wanaosoma Marekani

Msimu wa maombi ukifika, vijana wetu walioko komyuniti koleji huuliza zaidi namna ya kuandika barua itakayowafanya maofisa wa udahili wasiangalie GPA yao, yaani wastani wa alama zao. Hilo ni swali la mwisho, na wao huanza nalo. Wengi wanaokataliwa hawaponzwi na barua. Waliacha alama mbaya ambazo kanuni za chuo chao ziliruhusu kurekebishwa, kisha wakaomba chuo kisicho na nafasi kwa mtu mwenye alama zao, ilhali katika jimbo hilohilo kuna chuo cha umma kilichotamka wazi kwamba 2.0 inatosha.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: rekodi kwanza, chuo baadaye, barua mwisho. Ukiugeuza unapoteza mwaka mzima na ada ya maombi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mwenye GPA ya kati ya 1.7 na 2.7 hivi, awe mkimbizi, mwenye grini kadi, raia, au mwanafunzi wa viza ya F-1. Mifano mingi ni ya California, Texas na Minnesota. Ukiwa jimbo jingine, tafuta kanuni inayofanya kazi ileile. Karibu kila jimbo lina yake.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Transkripti zisizo rasmi za vyuo vyote ulivyowahi kusajiliwa, hata kile ulichokaa wiki chache ukaondoka na W (alama ya kujitoa) au F (kufeli).
- Ukaguzi wa shahada kutoka kwenye akaunti yako ya mwanafunzi, yaani orodha ya kozi ulizokamilisha na zilizobaki.
- Katalogi ya chuo chako, hasa kurasa za kurudia kozi, kujitoa kwenye kozi na kufuta alama za zamani.
- Silabasi za kozi ulizosoma. Chuo kikuu kikikataa kupokea kozi fulani, silabasi ndiyo utetezi wako.
- Barua au baruapepe zozote kutoka ofisi ya misaada ya fedha.
- Kama uko F-1: I-20 yako, yaani fomu ya chuo ya hadhi yako ya mwanafunzi, na miadi na ofisa wa wanafunzi wa kigeni.
- Ushahidi wa yaliyokupata: cheti cha hospitali, cheti cha kifo, barua ya mwajiri inayoonyesha zamu zako.
- Daftari au jedwali la kompyuta la kupigia hesabu.

Kama ulisoma chuo nyumbani kabla ya kuja, iwe Nairobi, Dodoma au Bukavu, tafuta pia nakala za matokeo yako. Vyuo vikuu vingi hutaka yatathminiwe na kampuni kama WES au ECE, na kazi hiyo huchukua muda. Anza mapema.

## Hatua ya 1: Piga hesabu yako mwenyewe

Usitegemee namba moja iliyo juu ya transkripti. Andika kila kozi, krediti zake na alama yake. A ni pointi 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, F ni 0. Zidisha pointi kwa krediti za kozi, jumlisha zote, kisha gawa kwa jumla ya krediti zilizopewa alama. W haiingii kwenye hesabu hii.

Tuseme una krediti 30 na GPA ya 1.9. Hizo ni pointi 57. Ukitaka kufika 2.5 kwa krediti 60, unahitaji pointi 150, maana yake krediti 30 zijazo zikupe pointi 93. Hiyo ni wastani wa 3.1, karibu B tupu mfululizo kwa mwaka mzima. Inawezekana, lakini ni mlima, na hatua inayofuata itaonyesha kwamba huna haja ya kuupanda wote.

Piga hesabu ya pili pia: GPA ya kozi zinazohamishika peke yake. Kozi za kujifunza Kiingereza na hesabu za maandalizi mara nyingi hazihesabiwi na chuo kikuu, ziwe zimekupandisha au zimekushusha. Mfumo wa University of California, kwa mfano, huangalia tu kozi ambazo mfumo wenyewe unazikubali. Kuna watu wanaojiona wana 2.6 kumbe kwa chuo kikuu wana 2.2, na wengine kinyume chake.

Utajua umemaliza ukiwa na namba tatu kwenye karatasi: GPA ya chuo chako, GPA ya kozi zinazohamishika, na orodha ya kila D na F pamoja na krediti zake.

## Hatua ya 2: Rekebisha alama zinazorekebishika

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko popote pengine, na ndipo wengi wanaporuka.

Rudia F kabla ya kuchukua kozi mpya. Rudi kwenye mfano wetu wa pointi 57 kwa krediti 30. Tuseme ndani yake kuna F mbili, kila moja ya krediti 3. Ukichukua kozi mbili *mpya* na kupata B zote mbili, unaongeza pointi 18 na krediti 6: 75 kwa 36, yaani 2.08. Ukizirudia zile F mbili na kupata B zilezile, na chuo kikabadilisha alama ya zamani kwa mpya, pointi ni 75 kwa krediti zilezile 30. GPA yako sasa ni 2.5. Jasho ni lilelile.

Kumbuka sharti hilo: *chuo kikabadilisha alama*. Vyuo vingine huhesabu zote mbili, na hapo unabaki na 2.08. Soma katalogi, kisha uliza chuo kikuu unakotaka kwenda maswali mawili kwa baruapepe, ili upate jibu la maandishi: je, mnaheshimu alama iliyobadilishwa na komyuniti koleji? Je, ni lazima niirudie kozi katika chuo kilekile nilichofelia?

Baada ya F, rudia D za kozi ambazo fani yako inazidai. D katika kozi ya kuchagua tu, isiyodaiwa na yeyote, iache. Na C usiiguse, hata kama inakuuma, isipokuwa fani yako inadai B na kanuni zinaruhusu.

Tahadhari za majimbo na fedha:

- California: kozi uliyopata D au F unaweza kuirudia mara mbili katika chuo hicho. Baada ya hapo unaanza kuomba ruhusa maalumu.
- Texas: jaribio la tatu la kozi ileile linaweza kutozwa ada kubwa zaidi. Pia, aliyeanza chuo cha umma mwaka 2007 au baadaye hawezi kuacha kozi zaidi ya sita katika masomo yake yote ya shahada ya kwanza. Kila W ihesabu.
- Msaada wa serikali kuu: utakulipia kurudia kozi uliyofeli, lakini ukishaifaulu utalipiwa kuirudia mara moja tu zaidi.

Omba alama za zamani ziondolewe kwenye hesabu. California utaratibu huu huitwa academic renewal, na majimbo mengine yana majina yao. Ukishapata alama nzuri kwa idadi fulani ya krediti, chuo huondoa D na F za zamani kwenye GPA. Zinabaki zikionekana kwenye transkripti, ila hazihesabiwi. Masharti hutofautiana chuo kwa chuo, na kwa kawaida usipojaza fomu hakuna atakayekufanyia. Wapo wanaotimiza masharti yote na wanamaliza chuo bila kujua fomu hiyo ipo.

Texas ina sheria iitwayo Academic Fresh Start. Mkazi wa Texas anaweza kukitaka chuo cha umma kisihesabu kozi zote za miaka 10 au zaidi iliyopita wakati wa kumdahili. Inawafaa sana watu wazima waliofeli ujanani, wakalea familia, na sasa wanarudi. Lakini ni zote au hakuna: huwezi kufuta F za zamani ukabaki na A za zamani.

Omba kujitoa kwa kurudi nyuma kama muhula ulioharibika ulikuwa na sababu nzito yenye ushahidi: ulilazwa, ulifiwa, nyumba iliungua. Vyuo vya California vina alama ya EW, yaani kujitoa kwa sababu iliyokubaliwa, ambayo haiingii kwenye GPA. Ushahidi kutoka nyumbani unakubalika ukitafsiriwa vizuri. Cheti cha kifo cha mzazi kilichotolewa Kigoma ni cheti halali. Watu wetu hunyamaza kwa kudhani Wamarekani hawatakijali, na hapo wanabeba F tatu ambazo zingeweza kuwa EW tatu.

Utajua umefaulu ukichapisha transkripti mpya isiyo rasmi na kuiona GPA mpya imeandikwa. Ahadi ya mdomo ya mtu wa dirishani haitoshi.

## Hatua ya 3: Ondoa vizuizi vya chuo na vya fedha

Vyuo vikuu vingi hudai uwe na hadhi nzuri katika chuo ulichosoma mwisho. Ukiwa kwenye onyo, au umesimamishwa, kuwa na 2.0 kwenye karatasi hakutoshi. Muulize msajili hadhi yako ni ipi na itabadilika lini.

Upande wa fedha kuna kipimo cha maendeleo ya masomo, kifupi chake SAP. Vyuo vingi hudai mambo matatu: GPA ya 2.0, kufaulu takriban asilimia 67 ya krediti zote ulizojiandikishia, na kumaliza kabla ya kuvuka asilimia 150 ya urefu wa programu. Kwa programu ya krediti 60, kikomo ni krediti 90 zilizojaribiwa. W ambazo hazikugusa GPA yako zinahesabiwa hapa kama krediti ulizojaribu bila kufaulu.

Ukishapoteza msaada, andika rufaa. Eleza kilichotokea, weka ushahidi, na ambatisha mpango wa masomo uliosainiwa na mshauri. Wanafunzi hukatishwa tamaa na barua ya kwanza ya kukataliwa msaada, kumbe barua hiyohiyo ina maelekezo ya rufaa chini yake.

Usisahau kwamba Pell Grant, ruzuku ya serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato cha chini, ina kikomo cha maisha kinacholingana na mihula 12 ya muda wote. Ukiitumia mihula 8 komyuniti koleji, umebakiwa na minne tu ya chuo kikuu.

Kwa F-1: usishuke chini ya krediti 12 bila idhini ya ofisa wa wanafunzi wa kigeni, hata kama kozi inakuelekea F. Nenda kwake *kabla* ya kubonyeza kitufe cha kujitoa. Kozi ya mtandaoni inayohesabika kwenye zile 12 ni moja tu, krediti 3. GPA hurekebishika, hadhi ya uhamiaji ikipotea ni shughuli nzito zaidi.

## Hatua ya 4: Jenga mihula miwili ya ushahidi

Chuo kikuu hakiwezi kujua umebadilika kwa kuambiwa. Kinataka kuona mihula miwili mfululizo yenye B na A, na baadhi ya kozi hizo ziwe za fani unayoiomba.

Kabla ya kusoma kwa bidii zaidi, angalia saa zako. Kanuni ya kawaida ya vyuo vya Marekani ni saa mbili za kujisomea nje ya darasa kwa kila saa ya darasani kwa wiki. Krediti 12 ni kama saa 36 kwa wiki. Ukiongeza kazi ya saa 40 kwenye ghala au kwenye nyumba ya kulea wazee, ni saa 76, kabla ya usafiri, watoto, ibada na kutuma pesa nyumbani. Wengi wenye GPA ya 1.8 wana akili ya kutosha kabisa. Walijiandikisha wiki ambayo haipo. Mzazi unayesoma hili, tafadhali lione hilo kabla ya kumlaumu mwanao.

Kwa asiye F-1, jibu ni kupunguza: kozi mbili kwa muhula zenye A na B zinakufikisha haraka kuliko kozi nne zenye F mbili. Hakikisha tu idadi ya krediti haikukoseshi msaada unaoutegemea.

Aliye F-1 hawezi kupunguza krediti, na kazi ya chuoni imewekewa saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Nafasi aliyo nayo ni kuchanganya kozi: moja ngumu ya sayansi na mbili au tatu nyepesi zinazodaiwa na shahada, si kemia, fizikia na hesabu kwa pamoja.

Kisha tumia vya bure. Programu ya TRIO ipo katika vyuo vingi kwa wanafunzi wa kipato cha chini au wa kwanza katika familia kusoma chuo. Inatoa walimu wa ziada na washauri. California kuna pia EOPS, programu ya msaada wa namna hiyo. Uliza kwanza sharti la uraia au ukaazi. Na nenda kwa mwalimu katika saa zake za ofisi kuanzia wiki ya pili, sio baada ya mtihani wa kati. Tumelelewa kumheshimu mwalimu kwa kukaa mbali naye. Huku, mwanafunzi anayekwenda kuuliza ndiye anayeonekana kuwa makini, na ndiye mwalimu atakayemkumbuka akiombwa barua ya mapendekezo.

Upungufu wa krediti chache za kozi za jumla unaweza kuuziba kwa mitihani ya CLEP. Alama 50 ndiyo inayopendekezwa kupewa krediti, na haigusi GPA. Hakikisha tu chuo unachokwenda kinaipokea.

## Hatua ya 5: Chagua mlango wenye kanuni iliyoandikwa

Gawa vyuo katika makundi mawili: vile vinavyochuja waombaji kwa kushindanisha, na vile vyenye kanuni ya kwamba ukitimiza masharti unaingia. Mwenye GPA ya chini aanze na kundi la pili.

California. Mfumo wa California State University (CSU) una kiwango cha chini cha 2.0 kwa mkazi wa jimbo anayehamia na krediti 60. Asiye mkazi hudaiwa 2.4. Lazima uwe na kozi nne za msingi, kila moja C- au zaidi: uandishi wa Kiingereza, kuzungumza mbele ya watu, fikra tunduizi na hesabu. Anayekosa moja kati ya hizo nne hukataliwa hata akiwa na 3.0, na hili hutokea kila mwaka.

Njia yenye nguvu zaidi ni Associate Degree for Transfer, shahada ya miaka miwili iliyoanzishwa na sheria ya mwaka 2010. Ukiimaliza kwa GPA ya 2.0 una hakika ya nafasi ndani ya mfumo wa CSU. Hakika hiyo ni ya mfumo, si ya kampasi unayoipenda. San Diego State na Long Beach zina waombaji wengi kupita nafasi, na 2.0 haitakuingiza huko. Kampasi ya mkoa wako wa karibu huenda ikakupokea.

University of California (UC) inadai angalau 2.4 kwa mkazi na 2.8 kwa asiye mkazi, lakini hicho ni kiwango cha kuruhusiwa kuomba tu. Kampasi sita, yaani Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz, zina mpango wa TAG unaokuhakikishia nafasi ukifikia GPA yao na kozi zao. GPA wanazodai ziko juu ya 2.4, kwa hiyo soma jedwali la mwaka wako. Berkeley, Los Angeles na San Diego hazimo.

Kujua kozi ipi inalingana na ipi, tumia tovuti ya ASSIST. Chagua chuo chako, chagua kampasi, chagua fani, chapisha karatasi.

Texas. Kozi za msingi za jimbo ni krediti 42. Ukizimaliza zote katika komyuniti koleji, chuo kikuu cha umma kinazipokea kama fungu moja. Kumaliza fungu hilo kabla ya kuhama ni bora kuliko kuhama na vipande ambavyo kila idara itavijadili upya.

Minnesota. Fungu lao linaitwa Minnesota Transfer Curriculum: krediti 40, maeneo 10 ya masomo, GPA ya 2.0. Washington wana shahada ya makubaliano ya moja kwa moja, DTA, yenye krediti 90 za robo mwaka.

Jimbo lako halimo hapa? Nenda kwa mshauri wa uhamisho na umuulize hivi: "Ni makubaliano gani ya uhakika wa kudahiliwa tuliyo nayo na vyuo vya umma, na GPA ya chini kabisa katika kila moja ni ngapi?" Usitoke bila orodha ya maandishi.

Tahadhari kubwa: ukianza kutafuta "chuo kinachokubali GPA ya chini," utafuatwa kwa simu na vyuo binafsi vinavyoendeshwa kwa faida, vinavyotaka fedha za mkopo wako. Angalia ithibati kwenye orodha ya Wizara ya Elimu ya Marekani, na uliza chuo cha umma cha jirani kama kinapokea krediti za chuo hicho. Kikisema hapana, ondoka.

## Hatua ya 6: Chagua fani kwa kichwa baridi

Fani ina uzito kuliko jina la chuo. Chuo kinachopokea 2.0 kwa sosholojia kinaweza kudai 3.3 au zaidi kwa uuguzi au sayansi ya kompyuta. Waswahili wengi Marekani wanaomba uuguzi kwa sababu familia nzima iko huko, wanakataliwa mara tatu, na miaka inakwenda.

Kuna njia za pembeni zinazoheshimika: afya ya jamii, utawala wa huduma za afya, kazi za jamii, takwimu, mifumo ya habari. Ukishahamia, katika vyuo vikuu vingi GPA yako huanza upya, kwa sababu kinachohamia ni krediti bila alama zake. Lakini usidhani unaweza kuingia kwanza na kubadilisha fani baadaye. Vyuo vingi vimefunga mlango huo kwa fani zinazogombewa. Uliza kabla. Na shule za udaktari na sheria huhesabu alama za vyuo vyote ulivyosoma.

## Hatua ya 7: Sasa andika maelezo yako

Chukua kalamu ukiwa umemaliza yaliyotangulia. Barua isiyo na rekodi iliyorekebishwa nyuma yake ni maombi ya huruma tu.

Kosa letu la kawaida linatokana na adabu. Tunaandika: "Naomba kwa unyenyekevu mkubwa mnifikirie, nimepitia maisha magumu sana, naahidi sitawaangusha." Mswahili akisoma ataguswa. Ofisa wa udahili wa Marekani atatafuta mambo matatu na hatayaona: nini hasa kilitokea, nini kimebadilika, na ushahidi uko wapi.

Linganisha na hii: "Katika mihula yangu miwili ya kwanza nilifanya kazi zamu ya usiku saa 40 kwa wiki huku nikisoma krediti 15, na nilifeli kozi mbili. Mwaka uliofuata nilihamia zamu ya mchana ya saa 24, nikajiandikisha krediti 9, na nikarudia kozi zote mbili. Nilipata B katika hesabu na A katika uandishi. GPA yangu ya mwaka huo ni 3.3." Hakuna ombi wala machozi, na kila sentensi inathibitishika kwenye transkripti.

Kanuni zangu kwa sehemu hii:

- Sababu ya kufeli ipate robo ya maelezo, isizidi. Kinachobaki ni mabadiliko, na kwa nini fani hii.
- Usimlaumu mwalimu, hata kama alistahili.
- Historia ya kambi ya wakimbizi, vita au kufiwa ni yako. Iandike ikiwa inaeleza alama hizo au inaeleza unachotaka kusomea. Usiiuze kwa sababu umeambiwa inapendwa.
- Usiandike kwa Kiswahili kichwani ukageuza neno kwa neno. Mpelekee mtu wa kituo cha uandishi chuoni, ni bure.
- Isiandikwe na binamu wala na programu ya kompyuta. Sauti isiyo yako hujulikana.

Maombi ya University of California yana maswali manne kwa mwombaji anayehama: moja la lazima kuhusu maandalizi ya fani, na matatu unayochagua kati ya saba, kila jibu lisizidi maneno 350. Usijaze majibu hayo yote na habari ya F. Kuna sehemu ya maelezo ya ziada. Ziweke alama zako huko, kwa ufupi, kisha acha majibu mengine yakuonyeshe wewe.

CSU kwa kawaida haihitaji insha. Ndiyo sababu nyingine ya kushughulikia rekodi kwanza.

## Hatua ya 8: Tuma, na usifiche kitu

Orodhesha kila chuo ulichowahi kusoma. Vyuo vikuu vina njia ya kuona usajili wako wa zamani kupitia National Student Clearinghouse. Mficha maradhi kifo humuumbua: aliyeficha chuo cha kwanza chenye F nne anaweza kunyang'anywa nafasi hata akiwa amekwisha kuanza masomo. F nne zilizoelezwa hazimfukuzi mtu.

Dirisha la CSU na UC kwa muhula wa vuli hufunguliwa Oktoba 1 na kufungwa mwishoni mwa Novemba au siku za mwanzo za Desemba. Maombi ya TAG ni Septemba 1 hadi 30. CSU hutoza dola 70 kwa kila kampasi, lakini mkazi mwenye kipato kidogo anaweza kusamehewa ada kwa kampasi hadi nne, na UC nao wana msamaha wa namna hiyo. Omba msamaha ndani ya fomu yenyewe kabla ya kulipa.

Jaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali kuu, msimu huohuo, hata kabla ya kupata jibu. Wakimbizi na waliopewa hifadhi wanastahili, sawa na wenye grini kadi. F-1 hawastahili. Kwa msaada wa jimbo la California, tarehe ya kukumbuka kwa anayekwenda chuo kikuu ni Machi 2.

Gawa maombi yako hivi: viwili ambavyo kanuni inakuingiza, viwili vinavyowezekana, na kimoja unachokitamani.

## Hatua ya 9: Jibu likija

Ukikubaliwa, soma masharti. Nafasi karibu zote zina sharti la kumaliza kozi zilizobaki kwa alama fulani na kutuma transkripti ya mwisho kabla ya tarehe iliyotajwa. Kila mwaka wapo wanaopoteza nafasi kwa kuacha kozi moja katika muhula wa mwisho bila kukiarifu chuo kikuu. Ukibadilisha ratiba, waandikie siku hiyohiyo. Uliza pia tathmini ya krediti zako kabla ya kulipa amana, na pinga kwa silabasi kozi yoyote iliyokataliwa kwa makosa.

F-1 wapange na ofisi zote mbili tarehe ya kuhamisha rekodi ya SEVIS, yaani mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, kisha wapate I-20 mpya. Masomo mapya lazima yaanze ndani ya miezi mitano.

Ukikataliwa, andika baruapepe fupi uulize ni sharti gani hukutimiza. Likiwa ni kosa la nyaraka au alama mpya ambayo hawakuiona, kata rufaa ndani ya siku walizotaja. Likiwa ni GPA, uliza kama wanapokea waombaji wa muhula wa masika na ni kiwango gani wanakitaka, rudi Hatua ya 1 na namba hiyo mkononi, na chukua muhula mmoja zaidi wa kozi zinazodaiwa na fani yako.

Ukiwekwa kwenye orodha ya kusubiri, thibitisha kwamba unataka kubaki, kisha pokea nafasi katika chuo kingine kilichokukubali. Majibu ya orodha za kusubiri huweza kuchelewa hadi kiangazi, na tarehe ya kuthibitisha nafasi uliyo nayo mkononi haitakungoja.